Baa Elfu Nne

Ipo baa ya kunywea: ya Edurne, chini ya kituo cha treni.
Ipo baa ya kuombea isitufike.
Na ipo ya kipimo, anayoihesabu Garbiñe kwa maelfu
kila asubuhi kabla ya kahawa,
katika karakana ya mwisho bondeni Eibar,
ambako mvua hainyeshi, inaning'inia tu
kama nguo isiyokauka.

Mashine yake inakata chuma kwa maji.
Maji, haya haya ya kunawia uso:
yabane kwenye bomba la unene wa kalamu,
yape upenyo mmoja wa kutokea,
uone yanavyopita ndani ya bamba la chuma
kama wembe ndani ya gazeti.

Ubavuni mwa bomba kuna tundu lililokerezwa,
na ndani ya tundu, kihisi.
Mwili kama kidole gumba. Mbele, utando
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Huo ndio unaosikia.
Usiuguse, Koldo alikuwa akisema, hata kwa kucha.
Sikio halichokonolewi.

Koldo alistaafu mwaka juzi, akaondoka na presha yake
(mia na themanini kwa mia na kumi, daktari alishika kichwa),
akamwachia presha ya mashine, spana yenye kipimo,
na hesabu moja:
shimo digrii sitini, pua ya kihisi hamsini na nane.
Usizilinganishe. Tofauti ya digrii mbili
ndiyo inayovikutanisha kwenye mstari,
duara moja, jembamba, chuma kwa chuma.
Vikilingana sawasawa, vitavuja.
Garbiñe, aliyeachana na mume aliyefanana naye kwa kila kitu,
hakuuliza swali.

Pembeni kuna kitundu kingine, kidogo,
hakina kazi ila kulia.
Pua isipokaa vizuri, hapo hutoka tone.
Leo limetoka.

Mkono ulikwenda kwenye spana wenyewe.
Kaza robo. Kaza tena. Nani atajua?
Lakini anayelia hanyamazishwi kwa kukabwa koo,
na hakazwi chuma chenye maji yaliyokasirika ndani.
Akazima pampu. Akafungua vali, akasubiri
mshale wa geji ulale kabisa. Akasubiri tena.
Kihisi kikasoma: kumi na mbili.
Hakuna maji, hakuna mzigo, nacho kinasema kumi na mbili,
kama mpagazi aliyetua gunia na bado anatembea ameinama.

Akakifungua. Akamulika shimo kwa tochi
na kioo cha daktari wa meno.
Pale, kwenye mteremko wa koni: mkwaruzo,
mfupi kuliko kope ya mtoto.
Akaujua. Februari, Ijumaa, saa kumi jioni,
Unax ana mechi ya pelota, na yeye akasafisha shimo
kwa kikereza butu, hakupuliza vumbi la chuma,
akakaza juu ya chembe moja, akakimbia.
Unax alishindwa, ishirini na mbili kwa nane.

Kikereza kipya, matone mawili ya mafuta, mkono mtupu:
nusu mzunguko, toa, futa;
nusu mzunguko, toa, futa,
mpaka duara lirudi kung'aa lote bila kukatika.
Pamba safi. Grisi kwenye hesi tu, kiduchu.
Kihisi kipya kikaingia kwa vidole, bila ugomvi,
kisha spana: tik.
Kile cha zamani akakiviringisha kwenye sponji
kiende kupimwa upya. Pengine kitasamehewa.

Kwenye daftari, chini ya "chanzo cha hitilafu",
Koldo aliandika miaka thelathini: uchakavu.
Garbiñe anaandika: mimi.

Kisha anaweka kipande cha karatasi ya choo
chini ya kitundu kinacholia,
anarudi nyuma ya kioo kinene, anapandisha.
Elfu moja. Mbili. Tatu na nusu.
Simu inaita, ni Unax, haichukui.
Nne.
Karatasi kavu.
Anahesabu hadi mia, kwa sauti.
Karatasi kavu.